Vifaa vya roboti vitoke kabatini, watoto wafungue nati wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, na naomba uniwie radhi ikiwa ndefu, maana jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu likizo ya Juni.

Mimi ni fundi redio. Meza yangu iko Makoroboi, hapa Mwanza mjini, tangu mwaka 1987. Nimepitia redio za kaseti, tv za chogo, deki za video na sabufa, na siku hizi kazi kubwa inayonipa ugali ni taa za sola za wavuvi wa dagaa. Wanazileta kutoka Kirumba, Igombe, Kayenze, hata visiwani. Zamani walivua kwa karabai za mafuta ya taa, sasa ni balbu ndogo za LED na betri, na maji ya ziwa yakiingia ndani zinakuja kwangu.

Mwaka huu mjukuu wangu, binti wa kidato cha pili, aliniletea tangazo la kambi ya roboti kwa watoto. Kwetu neno kambi tumelizoea kwa mambo mengine. Mzazi wa Mwanza akisikia kambi anajua ni ya darasa la saba au ya kidato cha nne: magodoro madarasani, maswali ya mitihani iliyopita mpaka usiku. Hii ilikuwa tofauti. Siku tano, ukumbi mzuri, shilingi 120,000. Nilifurahi kwa kweli. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wake, nimekaa chini ya mwembe nafungua redio ya baba mdogo kwa kisu cha mezani kwa sababu bisibisi sikuwa nayo. Nikauza sabufa mbili nilizokuwa nimezifufua, nikajazia, nikalipa.

Alirudi Ijumaa jioni na fulana, cheti chenye muhuri wa dhahabu na picha nyingi kwenye simu ya mama yake. Nikamkalisha, nikamuuliza swali moja la mwanzo kabisa: mota ya betri ukigeuza waya, chanya ikaenda kwenye hasi, inafanya nini? Akaniangalia. Akasema, "Babu, waya alikuwa anaunga mwalimu. Sisi tulikuwa tunabonyeza." Nikauliza walibonyeza wangapi. Akasema kundi lao lilikuwa na watoto tisa na roboti moja, rimoti walishika wavulana wawili, na yeye na wenzake wa kike walipewa kazi ya kupaka rangi bango la kundi na kusimama mbele wakati wa kupiga picha.

Sitaji jina la waliofanya kambi ile, na sidhani walikuja na nia mbaya. Mwalimu wao alikuwa kijana mwenye adabu, alinisalimia shikamoo mara mbili. Lakini mtoto amekaa siku tano karibu na mota na hajui inageukaje. Hilo limeniuma, na limeniuma zaidi nilipokuja kugundua kwamba si la kambi ile peke yake.

Mwezi wa Agosti niliitwa shule moja ya sekondari kutengeneza projekta. Wakati natafuta soketi, mwalimu alinifungulia stoo. Kwenye kabati la kioo nikaona maboksi manne ya vifaa vya roboti: mota, magurudumu, vihisi (vifaa vya kuhisi vitu kama umbali), mbao za saketi, kila kitu bado kimo ndani ya nailoni yake. Vumbi juu ya kifuniko lilikuwa la kuandikia jina. Nikauliza vina muda gani. Akasema vililetwa na wafadhili, huwa wanavitoa wageni wakija. Nikauliza wanafunzi. Akashusha sauti, akanieleza kwa uchungu: kila kipande kimeandikwa kwenye leja kama mali ya shule, na kihisi kimoja kikipotea au mota ikiungua, siku ya ukaguzi jina linalosomwa ni lake. Ana watoto watatu na mkopo benki. "Fundi, wewe ungewapa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo leo, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Chaki nayo shule inanunua. Hakuna mwalimu anayeulizwa chaki ya Januari iko wapi, kwa sababu toka mwanzo imeandikwa kuwa ni kitu cha kuisha. Tindikali ya maabara inaandikwa hivyo hivyo, na vyura wa baiolojia hakuna anayetegemea warudi wazima. Kwa nini mota ya plastiki iandikwe kama dawati? Mota ya kujifunzia inatakiwa iungue. Gia yake inatakiwa ivunjike jino mkononi mwa mtoto aliyeikaza kupita kiasi, ili siku nyingine ajue kiasi ni kipi. Wenye mamlaka juu ya leja hizo, kuanzia bodi za shule mpaka maofisa elimu wa wilaya zetu za Nyamagana na Ilemela, nawaomba walitazame jambo hili moja tu: vifaa vidogo vya roboti vihamishwe kutoka ukurasa wa mali kwenda ukurasa wa matumizi. Ni kazi ya kalamu. Mwalimu yule akipata amani usiku huo, asubuhi atafungua kabati mwenyewe.

Sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana bila hicho nisingekuwa na ujasiri wa kuandika.

Kuna kijana mwanafunzi wa chuo hapa mjini ambaye alikuwa akija kununua kwangu printa zilizokufa. Nilidhani anatafuta wino. Kumbe anatafuta mota. Jumamosi huwa anakusanya watoto wa mtaani kwao Mabatini, anawafundisha kuunda vigari vinavyojiendesha. Nilipomweleza habari ya mjukuu wangu akasema, "Mzee, mlete, na wewe uje na mita yako ya kupimia umeme." Chumba alichokuwa akitumia kilipokosekana, darasa likahamia kwenye kibaraza nyuma ya meza yangu. Wako kumi na mmoja, mdogo ana miaka tisa, mkubwa kumi na saba.

Siku ya kwanza hawakuunda chochote. Walivunja. Kila watoto wawili walipewa printa moja mbovu na bisibisi mbili, wakaambiwa wasirudi nyumbani mpaka imebaki ganda. Mjukuu wangu na mwenzake walikuta ndani yake utepe mwembamba wa plastiki unaopita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Walitaka kuutupa. Nikawaambia waushike juani, wautazame kwa karibu. Una mistari myeusi midogo sana, mamia kwa mamia, na kile kijicho kinachotembea na kichwa cha wino kinaihesabu ili kijue kimefika wapi kwenye karatasi. Yule binti alikaa na utepe ule juani sijui dakika ngapi. Baadaye akasema, "Kwa hiyo printa nayo ni roboti." Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo.

Jumamosi ya tatu ndiyo nataka msomaji aione vizuri. Walikuwa wamefunga kigari: mota mbili za gia, zile za njano, betri nne za tochi na ubao wa Arduino, yaani ubao wa saketi wenye kompyuta ndogo inayoziamuru mota. Ukikiinua, magurudumu yanazunguka safi. Ukikiweka sakafuni, kinaguna mara moja, taa ya ubao inazima, inawaka tena, kinaguna, inazima. Mvulana mmoja akasema ubao umekufa, waombe mwingine. Yule kijana mwalimu akaweka mikono mfukoni, akanyamaza. Nami nikajizuia, ingawa jibu nililiona kwa mbali. Nikampa mjukuu wangu mita yangu ya zamani ya mshale, nikamwambia shika ncha hapa na hapa, halafu mwenzako akishushe kigari taratibu.

Mshale ulikuwa umetulia karibu na volti 6. Gurudumu likagusa saruji, mshale ukaporomoka, ukapanda, ukaporomoka tena. Wakarudia mara nne. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyesema: "Mota zinakunywa umeme wote, ubao unabaki na kiu." Ndivyo ilivyo. Mota ikitaka kuanza kuzunguka huku imebebeshwa uzito inavuta umeme mwingi mara nyingi kuliko ikishaanza kwenda, betri dogo linazidiwa, volti zinashuka, na ubao ukikosa volti zake unajizima na kuanza upya. Wakatafuta betri za pili kwa ajili ya mota peke yake. Haikwenda, kwa sababu walisahau kuunganisha hasi za pande zote mbili, na hilo nalo likawala nusu saa. Lilipokwenda, Mhariri, kelele zilizopigwa kibarazani kwangu ziliwatoa wauza mitumba wa mtaa wa pili kuja kuuliza kulikoni.

Halafu likaja la kihisi cha umbali. Kifaa hiki kina macho mawili ya bati. Moja linatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii, la pili linasubiri mwangwi wake, kama popo afanyavyo gizani. Sauti hewani inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo ukijua muda unajua umbali. Walikiambia kigari kisimame sentimeta 30 kabla ya kufika kwenye boksi. Kikasimama. Binti mmoja, mkimya, hakuridhika. Akachukua rula ya shule, akapima. Kumi na tano. Akarudia: kumi na tano. Wakabishana kwamba kihisi kibovu. Yule binti akasema kitu kibovu kingekosea hovyo hovyo, hiki kinakosea nusu kamili kila mara. Wakakaa na hiyo nusu mpaka mmoja wao akaruka: sauti imekwenda na kurudi! Programu yao ilihesabu safari mbili kuwa ni moja. Waligawa kwa mbili, na rula ikasoma 30.

Nimewahi kuona watoto wakikariri mwendo kasi ni umbali gawanya kwa muda. Sijawahi kuona mtoto akiukuta umelala sakafuni kwa rula yake mwenyewe.

Kule kambini, nina uhakika, ubao ungebadilishwa na mwalimu kwa haraka ili ratiba iende, na boksi lingesogezwa sentimeta 15 nyuma ili picha itoke vizuri. Kuharibika kwa kitu ndilo somo lenyewe, na sisi tumelipa fedha ili watoto wakingwe nalo.

Yule kijana mwalimu alinisimulia habari za Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928. Kabla hajajua kusoma alikuwa na mapenzi makubwa na gia za magari, akizizungusha mkononi na kichwani, na utu uzima alisema ndizo zilizomfungulia hesabu. Mwaka 1967 yeye na wenzake Marekani walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na mtoto aliweza kuiamuru roboti ndogo waliyoiita kobe itembee sakafuni na kuchora. Mtoto akikosea, kobe anachora kosa lake pale pale na mtoto analiona. Hata huo ubao wa Arduino, uliozaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia, ulikusudiwa wanafunzi wasio mafundi wa umeme, na michoro yake waliiacha wazi ili yeyote autengeneze. Ndiyo maana nakala zake zinapatikana kwa bei nafuu. Wengine hawajui kuwa kwenye ule wa aina ya zamani chipu imekaa kwenye soketi. Ikiungua unaing'oa yenyewe tu, unapachika nyingine. Waliouunda walijua utaunguzwa.

Tukisema watoto wa ziwani hawajawahi kuiona teknolojia tutakuwa tunasema uongo. Mwaka 2018 droni zilifanya majaribio ya kupeleka dawa kutoka hapa Mwanza hadi Ukerewe, kilometa 60 juu ya maji kwa wastani wa dakika 40. Mwaka mmoja kabla yake, Washington, vijana kutoka nchi zaidi ya 150 walikutana kwenye mashindano ya kwanza ya roboti ya FIRST Global, kila timu na vifaa vya aina moja, na kazi ya roboti zao ilikuwa kutenganisha mipira iliyowakilisha maji safi na maji machafu. Nilipowaeleza watoto kibarazani kwangu, hawakuuliza nani alishinda. Waliuliza roboti ilijuaje mpira upi ni mchafu. Walikuwa na rangi mbili, nikawaambia. Basi wakaanza kutafuta kwenye takataka zangu kitu kinachoweza kujua rangi.

Wale wa Igombe, maana wako wawili wanaopanda daladala kuja, walileta shida ya nyumbani. Mama zao wanaanika dagaa ufukweni. Mvua ya ghafla ikinyesha usiku dagaa wanaoza, na mzigo uliotakiwa kuuzwa kwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Watoto wakachukua vipande viwili vya bati jembamba, wakavipigilia kwenye ubao vikiwa vimekaribiana bila kugusana. Tone la mvua likianguka katikati, umeme kidogo unapita, transista moja inafungua njia, king'ora cha pikipiki kinalia ndani ya nyumba. Vifaa vyote nilivitoa kwenye kopo langu la makapi. Mama wa mmoja wao alikuja dukani kwangu baada ya wiki mbili na furushi la dagaa. Alisema king'ora kiliwaamsha saa tisa usiku, wakawahi kuzoa. Sikuweza kusema mengi. Mtaa wetu huu umepewa jina la koroboi, taa ambazo watu walizitengeneza kwa mikono yao kutokana na makopo yaliyotupwa, na hapa walikuwa wamekaa watoto wakifanya kazi ile ile.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa kambi za Desemba, maana matangazo yameshaanza kubandikwa: watoto tisa kwa roboti moja ni wengi mno. Punguzeni fulana, punguzeni vyeti, ongezeni bisibisi. Siku mnapoondoka msifungashe kila kitu; acheni hata sanduku moja kwenye shule au kwenye Maktaba ya Mkoa, na mtu wa kulifungua Jumamosi. Siku tano bila siku ya sita, Jumamosi, ni maonyesho. Na mabinti wapewe mita mkononi siku ya kwanza, kabla wavulana hawajagawana viti vya mbele.

Wazazi wenzangu, msilipe kabla hamjauliza swali dogo: mwanangu ataharibu nini? Wakijibu hakuna kinachoharibika, tafuteni kwingine. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, sekondari, na nimeona wazazi wakiusikiliza kama habari ya watoto walioshindwa darasani. Waleteni wakae hapa asubuhi moja.

Sisemi mtoto aachwe tu. Betri za lithiamu za taa na laptopu zikiguswa chanya na hasi kwa pamoja zinaweza kuwaka moto, na hilo ndilo somo la kwanza kibarazani kwetu, kabla ya printa. Maikrowevu na tv za chogo hawafungui kabisa, kwa sababu ndani yake umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hizo nafungua mimi, nao wanasimama hatua tatu nyuma. Kumlinda mtoto na kifo ni wajibu wetu. Kuilinda mota ya plastiki na mtoto, hapana.

Wale wa Igombe sasa hawataki king'ora tu. Wanataka turubai lijifunike lenyewe. Tumepata mota ya waipa kutoka Hiace moja iliyokatwa vipuri Igoma. Ni ya volti 12, inazunguka taratibu lakini ina nguvu ya kuvuta turubai zito lililolowa. Jumamosi iliyopita ilivuta vizuri, ikafika mwisho, haikujua kuwa imefika, ikaendelea kuvuta mpaka kamba ikakatika na kichanja kikaegemea upande. Mjukuu wangu aliokota kamba, akaitazama, akaniuliza kama nina kitu chochote kinachoweza kuguswa kikakata umeme. Ninazo swichi tatu ndogo nilizozitoa kwenye milango ya maikrowevu. Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunapanda daladala kwenda Igombe kuzifunga, na mwalimu yule wa stoo amesema atakuja, pamoja na wanafunzi wake wanne.

Wako,
Fundi redio,
Makoroboi, Mwanza